Chardonnay ya Kufungua kwa Mkono

Langas, Eldoret
Ijumaa jioni, mwezi wa Agosti

Mwanangu Nafula,

Umetoka kwenda kumuaga rafiki yako ng'ambo ya barabara, na umefunga mlango kwa nguvu kidogo. Si sana. Umeufunga kama mtu ambaye hataki kusema kwamba amekasirika. Mimi pia nimekasirika, kwa hiyo tuko sawa. Nimesogeza cherehani pembeni nikapata nafasi ya kuandika, na ninaandika haraka kabla hujarudi, maana kwa mdomo leo tumeshindwana.

Sitakuandikia mambo ya kula na kulala. Wewe ni nesi, mambo ya kunawa mikono unayajua kuliko mimi. Sweta nimekuwekea moja tu, na hata hiyo sijui ni ya nini, maana kila mtu aliyefika huko Lodwar unakoenda kazi anasema joto halilali. Hayo tumeshayamaliza. Ninataka kukuandikia juu ya ile chupa. Uliniuliza, "Mama, ni chupa tu ya waini, kwa nini unajisumbua hivi?" Nami nikakujibu, "Kama ni chupa tu, basi niache nijisumbue peke yangu." Hilo halikuwa jibu. Jibu lenyewe ni refu, na wewe una haraka siku hizi, ndiyo maana nimelileta kwa karatasi.

Unajua Wafula baba yako alikuwa fundi wa stima. Usichokijua vizuri ni jinsi hii Chardonnay ilivyoingia nyumbani kwetu, kwa sababu wakati huo ulikuwa bado hujazaliwa. Alikuwa anaweka waya katika nyumba ya daktari mmoja, mwanamke, kule Elgon View. Fundi aliyetangulia alikuwa amevuruga kila kitu. Ukiwasha taa ya jikoni, ya bafuni inazima. Baba yako alikaa kwenye hiyo kazi mpaka nikaanza kuuliza kama amehamia huko. Siku taa zote zilipowaka vizuri, yule daktari alipiga makofi kama mtoto, akafungua friji yake, akampa chupa. Wafula akaileta nyumbani imefungwa gazeti, iko ndani ya koti, na akazunguka njia ya mbali asije akakutana na pasta wetu wa kanisa.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja, mtaa wa Huruma. Glasi hatukuwa nazo. Tulimimina kwenye vikombe vya chai, vile vyenye maua mekundu. Nikanywa kidogo, nikamwambia, "Wafula, hii kitu imechacha."

"Haijachacha. Ndivyo ilivyo. Meza tena."

Nikameza tena. Mara ya kwanza ilikuwa kama nanasi lililokatwa kabla ya siku yake. Mara ya pili ule uchachu ulikaa chini, na nyuma yake kikaja kitu laini, kama siagi ikiyeyuka ulimini. Akaona uso wangu unabadilika, akacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Tangu hapo ikawa ya mambo makubwa tu. Ulipozaliwa. Tulipohamia huku Langas kwenye kaploti ketu. Ulipomaliza chuo cha uuguzi, na siku hiyo nawe ulipewa kikombe. Ulikunja uso, ukasema ni kama dawa ya kikohozi, halafu baada ya muda ukasogeza kikombe kwa baba yako akuongeze. Kwa hiyo unaijua. Hapa duniani tumebaki wawili tunaojua ladha ya ile chupa, mimi na wewe, na mimi ulimi wangu sasa ni wa chai ya maziwa. Ninakutegemea wewe.

Alikuwa ananunua ya bei ya chini kila mara, na hakuona haya. Alisema za rafu ya juu ni za watu wenye wageni wa kuogopesha. Akifika nyumbani anaizungusha kichwa kwa mkono, taratibu, kama anayetoa balbu kwenye dari. Yeye na balbu zake. Nilimwona akifungua hivyo mara nyingi, lakini sikuwahi kusoma jina. Kwangu ilikuwa Chardonnay, basi, kama vile mtu husema soda.

Halafu akanunua moja ya kuweka. Wewe ulikuwa umekaa nyumbani na cheti chako, unangoja kazi kama wenzako wote. Aliifunga gazeti, akaiingiza kabatini nyuma ya blanketi, akaniambia, "Hii ni ya Nafula siku anaenda kazi. Mtu asiiguse." Akaugua kabla barua yako ya kazi haijafika. Yaliyofuata unayajua, tulikuwa wote kwenye wodi.

Unakumbuka siku ile ya matanga, nyumba imejaa watu mpaka uani. Mimi nilikuwa chini kwenye godoro, miguu imenyooshwa, vile mjane huwekwa. Mama Sifuna, mwenyekiti wetu wa kina mama kanisani, aliingia chumbani kutafutia wageni blanketi. Akatoka ameshika chupa kwa vidole viwili, mkono umenyooka mbali na nguo zake.

"Uwii! Mama Nafula, hii ni nini? Na pasta yuko hapo kwa gate!"

"Toa! Toa haraka!" wenzake wakamwambia.

Wewe ulikuwa umesimama na thamosi ya chai. Ulinitazama. Nilijua unanitazama. Mdomo wangu ulikuwa mzito, mwanangu, mzito kama mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nikasikia inamwagika kule nyuma ya jikoni, kwenye sukuma wiki, ikigugumia shingoni mwa chupa, na pasta anabisha hodi.

Siku zile mjane ni gunia. Watu wanamwinua, wanamketisha, wanamfunika. Na Mama Sifuna alikuwa analinda jina langu, ndivyo alivyoona. Ni yeye aliyepikia ule umati wote mpaka macho yake yakawa mekundu kwa moshi. Hilo ndilo linanichosha. Hata kumkasirikia vizuri siwezi.

Basi mwezi huu barua yako ikafika, nikajiambia chupa ya Wafula itapatikana. Niliona ni jambo la kwenda dukani na kurudi. Kumbe.

Nilianza na Mama Sifuna mwenyewe, kwa sababu nilikumbuka alibeba ile chupa tupu. Nilidhani nikiona jina nimemaliza. Nikamkuta anachuja mafuta ya kupikia, na chupa ndiyo hiyo mkononi mwake, uchi, haina hata alama ya gundi.

"Karatasi yake iko wapi?" nikamuuliza.

"Niliitoa na maji moto. Nilisugua na jivu. Si uliona ilivyoandikwa mambo ya pombe? Ningeiwekaje jikoni?"

"Hukumbuki iliandikwa nini?"

"Mama Nafula, mimi ningesoma pombe?"

Nikanywa chai yake nikarudi nyumbani.

Jumatano nikaenda supamaketi. Nikamwambia msichana anayepanga rafu, "Nionyeshe Chardonnay." Akanipeleka, akanyoosha mkono. Nafula, ukuta mzima! Nyingine zina ndege, nyingine milima, nyingine nyumba za wazungu, na zote zimeandikwa Chardonnay.

"Ni gani sasa?" nikamuuliza.

"Zote, mathe."

"Kampuni ya Chardonnay ni ipi?"

Hakunicheka, Mungu ambariki. Akanieleza kwamba Chardonnay ni aina ya zabibu, na watu wa nchi nyingi wanaikamua, kila mtu na mkono wake. Miaka yote hiyo nilidhani ni kampuni moja. Ni kama mtu aje kwangu kushonewa aseme nataka yunifomu, ya shule gani hajui, na rangi hajui. Nikashika moja tu ili mikono isikae bure, na nilipogeuka nikamwona shemasi wetu amesimama nyuma yangu na mkate. Nikaiingiza chini ya paketi ya unga. Nikazunguka nayo mpaka kwenye sabuni, nikaiacha hapo katikati ya sabuni za kufulia, nikalipa unga nikatoka. Jasho lilikuwa linanitoka, na unga tulikuwa nao nyumbani.

Jana ndiyo nilifanya lile kosa ulilolicheka. Niliona afadhali duka la pombe, lile lenye dirisha la vyuma karibu na soko, kwa sababu mashemasi hawaendi huko. Lakini wengine wanaenda. Kulikuwa na wanaume watatu wameegemea ukuta.

"Karibu mathe, nikupee nini?"

"Chardonnay. Isiwe ghali."

"Ni ya sherehe?"

"Ni ya mtoto."

Muuzaji akainua macho. "Ya mtoto?"

"Mtoto mkubwa. Ni nesi."

Mmoja wa wale wanaume akasema, "Mama, hata mimi ni mtoto wa mtu. Niangalie pia." Wakacheka wote, na muuzaji akacheka, akachomoa chupa dirishani ambapo jua lilikuwa linaipiga. "Chukua hii. Wamama wote wanachukua hii." Nikalipa nikaondoka, kwa sababu nilitaka waache kunitazama. Hapo ndipo nilipokosea, wala si kwa sababu sijui waini. Nimenunua vitu vingi hivyo maishani, Nafula. Viatu vilivyonibana, kitambaa chenye kasoro, hata kanzu ya kwenda kukutana na mama mkwe. Nilinunua ili watu waangalie pengine. Wewe utakuwa mgeni huko, na mgeni hutazamwa sana. Waache watazame, wewe soma kwanza.

Ukaisoma wewe, jana jioni. "Mama, hii wameandika tamu. Na ni zabibu zingine kabisa."

"Si ni nyeupe?"

"Ni nyeupe, lakini siyo."

Ukacheka. Ulicheka kama baba yako, kichwa nyuma, na badala ya kufurahi nilichomwa moyoni. Samahani kwa kelele nilizopiga. Leo asubuhi niliirudisha, yule bwana akasema kitu kikishapita vyuma hakirudi. Iko hapa chini ya cherehani, inanigusa mguu ninapoandika.

Basi nikarudi supamaketi. Njiani nilikuwa ninaongea peke yangu. Nilikuwa ninagombana na Wafula, nikimwambia ungeandika jina hata kwenye mlango wa kabati, wewe uliyeandika kila swichi ya nyumba za watu. Na katika kumgombeza ndipo nikaanza kumwona akiifungua. Mkono unazunguka. Hakuna chombo, hakuna kizibo cha kuvuta. Kwa hiyo ni ya kifuniko cha bati. Nilipofika nikamwambia yule msichana aondoe macho kwenye zote zenye kizibo cha mbao. Nusu ya ukuta ikaondoka.

Akanionyesha nyingine ya manjano iliyokolea, akasema hiyo imelazwa kwenye pipa, ni tamu kwa harufu, na bei yake ni hiyo hapo. Niliitazama bei nikaona ni viatu vya shule. Na rangi haikuwa ile. Yetu ilikuwa hafifu, kama chai ya rangi iliyotiwa maji mara mbili. Zikabaki chache kwenye rafu ya chini. Msichana akachukua ya mbele, iliyokuwa karibu na dirisha. Nikamwambia hapana. Unajua zile sketi ninazotundika mlangoni ili wateja waone. Baada ya muda zinapauka upande wa jua, na mimi simuuzii mtu hizo. Kama jua linakula kitambaa cha shule, litaiacha waini? Nikapiga magoti, nikaingiza mkono mpaka nyuma kabisa, kwenye giza, nikatoa iliyolala huko. Nikamwomba anisomee mwaka, akasema ni ya juzijuzi tu. Nikauliza kama ya zamani si ndiyo bora, maana nimesikia watu wakisema. Akasema hizi za bei yetu hazingojwi, zinanyweka zikiwa changa. Hapo nikamkumbuka baba yako alivyoificha ile kabatini muda wote huo akidhani anaitunza. Huenda hata ingekuwa imeharibika. Nimekaa na hilo wazo tangu asubuhi na sijui kama linanipunguzia uchungu au linaniongezea.

Na kwa foleni, mwanangu! Nilikuwa tayari. Niliishika chupa wazi mbele ya kifua, nikisubiri shemasi, pasta, kwaya nzima. Hakuna hata mmoja niliyemjua.

Kina mama wakaja alasiri kukuombea, ulikuwepo. Ila hukuona ya jikoni. Chupa ilikuwa kwenye beseni la maji ya tangi chini ya meza, nimeifunika taulo ipoe. Mama Sifuna akaja kutafuta beseni la kunawisha watu mikono. Akainua taulo.

"Mama Nafula."

"Naam."

"Hii tena?"

"Hiyo tena. Usiiguse, Mama Sifuna. Ni ya Nafula. Ile ya kwanza baba yake alimwekea ya siku anaenda kazi."

Alisimama na taulo mkononi. "Kumbe ile ilikuwa..."

"Ndiyo ile."

"Na hukusema?"

"Sikuweza."

Akainama, akaifunika tena, akachomeka ncha za taulo huku na huku kama anayefunika mtoto aliyelala. Nikampa beseni lingine. Ulisikia alivyokuombea? Aliomba kirefu, kazi yako, wagonjwa wako, barabara, halafu akasema, "na kila kitu ambacho baba yake alimwekea, Bwana, kimfikie." Wengine walidhani anasema baraka. Mimi nilifungua macho nikamwona naye amefungua yake.

Kwa hiyo walipoondoka nilikuwa na moyo mwepesi kwa mara ya kwanza wiki hii. Nikaweka mezani kikombe chenye maua mekundu, kile kimoja kilichobaki, na kingine cha kawaida. Nikakuita. Nawe ukasimama mlangoni ukasema, "Siwezi, Mama. Nikionja na isiwe ile, nitalia. Nikilia leo, kesho siendi."

"Na ikiwa ndiyo ile?"

"Ikiwa ndiyo ile, hapo siendi kabisa."

Ungenyamaza hapo ningekuelewa. Lakini nikasema nimezunguka mji mzima, nawe ukasema ni chupa tu, nami nikasema nililosema, na mlango ukafungwa.

Sasa umenielewa? Niliogopa kwamba ukiondoka kesho bila chupa hiyo, Wafula atakuwa ametoa ahadi moja tu maishani mwake ambayo haikutimia, na aliyeiacha imwagike ni mimi niliyekuwa chumba cha pili. Nilitaka niione ikitimia kwa macho yangu. Nilitaka nione uso wako ukikunjika halafu ukilegea, nijue kama nimechagua vizuri. Sitajua. Ninakuambia kweli, hilo linaniudhi, na mpaka asubuhi bado litakuwa linaniudhi. Lakini ahadi ilikuwa yako, haikuwa yangu, na yeye hakusema ifunguliwe mbele ya Mama.

Nimekata mguu wa ile ovaroli yake ya bluu, nimeushona mfuko, nimeutia sweta ndani ili chupa isigongwe. Hiyo ndiyo kazi ya sweta, nimeipata. Utaikuta katikati ya nguo zako pamoja na barua hii. Usiiache kwenye jua. Huko kwa dispensari mna friji ya chanjo. Usithubutu, nitasikia kutoka hapa. Funga kitambaa chenye maji, weka kivulini upepo upite. Chagua siku unayotaka wewe, iwe ya furaha au ya kuchoka, na uite mfanyakazi mwenzako mmoja, usikae nayo peke yako.

Kama siyo ile, niambie bila kunihurumia. Rafu ya chini bado nyingine zilikuwepo, na yule msichana sasa ananijua. Kama ndiyo, usibandue karatasi. Nisomee jina kwa simu, herufi moja moja, nitaliandika kwenye mlango wa kabati.

Ninasikia geti. Ni wewe, ninajua hatua zako. Ninakunja karatasi.

Izungushe taratibu, kama balbu. Mara ya kwanza utasema imechacha, hiyo iache ipite. Ukimeza tena, unikumbuke.

Mama yako